Kijana yuko huru lini? Maktaba na saa za vijana wa Temeke na Kinondoni

Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala za Dar es Salaam ni shilingi 200, na makonda hawajawahi kuipenda. Asubuhi pale Mbagala Rangi Tatu konda anasimama mlangoni, anazipitia sare za shule kwa jicho moja, kisha anatangaza kwamba anachukua wawili tu, wengine wangoje gari la nyuma. Gari la nyuma nalo lina konda wake. Ukitaka kujua kwa nini programu za maktaba kwa vijana wa Mbagala, Chamazi, Tandale au Bunju huzinduliwa ukumbi umejaa, kisha baada ya muda mratibu akabaki na viti, usianze na vitabu. Anzia hapo mlangoni.

Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967, kwenye mtaa ambao sasa unaitwa Bibi Titi Mohamed. Sensa ya mwaka huohuo iliikuta Dar es Salaam na watu wasiofika laki tatu. Jengo katikati ya mji wa ukubwa huo lilikuwa karibu na kila mtu, au karibu na wengi. Sensa ya 2022 imeikuta Temeke peke yake na watu zaidi ya milioni 1.3, na Kinondoni, hata baada ya Ubungo kumegwa, ina karibu milioni moja. Watu wamehamia pembezoni, maktaba imebaki mjini. Mtoto wa kidato cha pili wa Chamazi akiitaka, ni safari ya nusu siku, makonda wakimkubali.

Kwa hiyo tunaposema maktaba huku kwetu, mara nyingi tunazungumzia chumba cha shule ya kata. Shule hizi zilichipuka kwa kasi kuanzia 2004 chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kisha 2016 ada ikafutwa na watoto wakafurika. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini lilihitaji nafasi, na nafasi ilitafutwa popote. Chumba chenye neno «Maktaba» juu ya mlango kikawa darasa la mkondo mpya, au stoo ya madawati mabovu. Kilichonusurika kikafungwa kufuli.

Hilo kufuli lina sababu zake. Ufunguo anao mwalimu aliyepewa maktaba juu ya vipindi vyake vya kawaida, na kila kitabu kimo kwenye orodha ya mali ya shule. Kikipotea, ataulizwa yeye. Kikikaa kabatini miaka kumi bila kufunguliwa, hakuna atakayemuuliza. Mtu mwenye akili timamu akipimwa kwa kipimo hicho hufunga mlango. Nimesikia mara nyingi wanaharakati wa usomaji wakiwalaumu walimu hawa, na naona wanawaonea.

Misaada imekuja. Shirika la READ International, lililoanzishwa 2004 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nottingham, lilianza kwa kukusanya vitabu vya ziada katika shule za Uingereza na kuvisafirisha Tanzania, baadaye likageukia kukarabati vyumba vya maktaba katika shule za sekondari. Kazi ya mkono inaonekana: kuta zenye rangi, rafu zilizonyooka, ramani ya Afrika ukutani. Tabu ya miradi ya namna hii, ya mashirika karibu yote, ni kwamba chumba kinakabidhiwa siku moja mbele ya wageni, na saa za kukifungua haziandikwi popote.

Saa ndizo zenyewe. Mratibu anapanga klabu ya vitabu Jumamosi saa tatu asubuhi kwa sababu ndio muda wake yeye. Saa hiyo binti anafua sare za nyumba nzima au yuko na mama yake kwenye kikaango cha vitumbua, na aliyeponyoka yupo tyusheni. Jumamosi alasiri wavulana wamejibana kwenye kibanda umiza wakitazama ligi ya Uingereza. Siku za wiki, mwanafunzi anatoka shule alasiri na kugombea daladala, na kwa familia nyingi za Temeke madrasa nayo ina saa yake isiyojadiliwa. Kijana wa kidato cha tatu hana hata saa moja ya kwake katika siku ya kawaida. Halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba vijana hawana mwamko.

Lakini itazame kalenda ya mwaka mzima, maana hapo ndipo penye hazina ambayo sijaona programu iliyoikusudia hasa. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba, na kidato cha kwanza kinaanza Januari. Kidato cha nne wanamaliza Novemba. Matokeo yanatoka mwishoni mwa Januari, na wanaochaguliwa kidato cha tano wanaripoti Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka. Kijana wa miaka kumi na saba, mwenye kusoma na kuandika, anakaa Yombo au Mwananyamala akisubiri. Biashara imeliona pengo hili zamani: vituo vya tyusheni vinauza kozi za «pre-form one» kila kona. Kijiwe nacho kimeliona, na kampuni za kubeti vilevile. Maktaba ndiyo haijaliona, kwa kuwa inafuata muhula wa shule, na shule ikifunga nayo inafunga.

Kuna jambo jingine katika pengo hilo ambalo watu wa uswahilini hawahitaji kuelezwa. Tangu habari za Panya Road, makundi ya vijana waporaji, zilipotikisa jiji Januari 2015, na tena Septemba 2022, kundi la wavulana watano wamekaa barazani jioni linatazamwa kwa wasiwasi, hata kama wanachobishania ni Simba na Yanga. Wanahitaji mahali pa kukaa pamoja pasipotiliwa shaka. Sheria ya ukimya, inayowafaa wanaojisomea notsi zao kabla ya mtihani, haiwafai hawa. Watu wa Tandale na Mbagala ndio waliotupa muziki wa singeli. Huwezi kuwaita watoto wao kwenye programu ya vijana halafu ukawanyamazisha.

Wakifika, wasome nini? Kwenye rafu kuna hadithi za watoto zenye picha za sungura, na kuna vitabu vya mtihani. Wasakatonge au Watoto wa Mama N'tilie vimekamuliwa maswali hadi kijana hawezi kuviona kama vitabu vya kujifurahisha. Katikati pameachwa wazi. Tuzo ya Burt, iliyoletwa na shirika la CODE la Kanada pamoja na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ililenga rika hilihili, lakini kwa riwaya za Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania tangu 2022, inapokea kazi za Kiswahili, na hapo nina matumaini zaidi. Wazazi wa vijana hawa walijifunza kusoma kwa kasi kwa kumfuata jasusi Willy Gamba wa riwaya za Elvis Musiba, kitabu kikipita mikono kumi hadi jalada likaisha. Hakuna mwalimu aliyewatuma. Ningeweka Musiba na Ben Mtobwa kwenye rafu ya kwanza, na anayeona ni vitabu vya uhuni avumilie.

Nairobi wamejaribu njia ya kuwafuata watu walipo. Taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, haikuishia kwenye jengo la fahari la maktaba ya McMillan katikati ya jiji. Ilishughulikia pia maktaba za Kaloleni na Makadara, kule Eastlands. Kwetu Kinondoni ipo Soma Book Café, Mikocheni. Kwenye ramani si mbali na Tandale, ila kijana wa Tandale huwa na mambo ya kujiuliza kabla ya kuingia Mikocheni, mtaa wa wenye nazo.

Kwa Temeke, jengo jipya si sharti. Vyumba vipo, na shule ikifunga hata yale madarasa ya mkondo mpya yanabaki matupu. Kinachotakiwa ni halmashauri iandike kwamba kitabu kilichopotea kwa kuazimwa ni gharama ya kazi, si deni la mwalimu, na ilipe posho ya mtu mmoja wa kushika ufunguo kuanzia Desemba hadi Juni, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Bodi ya shule ikitaka kulijadili, ilijadili Oktoba, kabla kidato cha nne hawajatawanyika.