Je, Wajua? Nakala Husimama, Benki Haisimami!

Je, wajua kwamba mabenki mengi makubwa duniani huandika salio la mteja mara mbili, katika miji miwili? Kompyuta zao kubwa, zile ziitwazo meinfremu, huandika kwenye diski za kituo kimoja, na papo hapo au sekunde chache baadaye maandishi yaleyale yanatua kwenye diski za kituo cha mbali. Jengo la kwanza likiteketea, la pili linazo hesabu.

Sogea, kubwa zaidi linakuja. Unakili huo unaweza kusimamishwa kwa makusudi, mchana kweupe, na mteja aliye dirishani asijue! Katika mfumo mkongwe wa IBM uitwao XRC, amri yenyewe huanza na neno moja: XSUSPEND. Unasimamisha diski moja ukitaka, au kipindi kizima cha kunakili, na kwa diski unaweza hata kutaja saa ambayo nakala iishie.

Najua unachotaka kuuliza: yaliyoandikwa wakati wa kusimama je, yamepotea? Hata! Kabati la diski linaweka alama ya ndiyo au hapana kwa kila traki, yaani kila kipande cha diski: imeguswa au haijaguswa. Kunakili kukianza tena, zinatumwa zilizoguswa tu. Traki iliyoandikwa mara 1,000 itasafiri mara 1!

Na alama hizo ni ndogo kiasi gani? Diski ya aina ya 3390 modeli 3 ina traki 50,085, zenye nafasi ya baiti bilioni 2.8. Alama zake zote zinaenea ndani ya baiti 6,261. Baiti moja hubeba alama 8, basi gawanya 50,085 kwa 8 mwenyewe uone! Ni kama herufi za safu hii unayosoma, na nusu yake tena.

Hili linanishangaza kuliko yote, nalo nitalikalia kidogo. Nakala iliyosimama vizuri ni ya zamani, lakini ni nzima: ni picha ya saa moja kamili, na benki inaweza kuamka nayo. Hatari huja pale kunakili kunapoanza tena! Traki zilizoguswa zinatumwa bila kufuata mpangilio wa kuandikwa kwake, kwa hiyo kwa muda fulani nakala inakuwa na maandishi ya leo na ya jana yakiwa yamechanganyika. Fedha zimetoka kwa mtumaji, kwa mpokeaji bado hazijaonekana. Jengo kuu likiungua katika muda huo, nakala ya mbali haifai kitu. Ndiyo maana mafundi wazoefu, kabla ya kuanzisha tena, hupiga kwanza nakala ya nakala, kulekule mbali, kwa kazi iitwayo FlashCopy. Inakuwa tayari kutumika ndani ya sekunde chache, diski iwe kubwa namna gani.

Je, wajua kwamba diski moja ikikatikiwa mawasiliano, njia salama ni kusimamisha unakili wa zote? Ndiyo, hata zile nzima! Wahandisi wanaita hali hiyo kugandisha, na katika nakala za papo kwa papo za IBM, uandishi unaweza kuzuiwa, kwa kawaida hadi sekunde 120, ili diski zote za mbali zibaki kwenye saa ileile.

Haya, tupime umbali: twende Mbulumbulu, kaskazini mwa Tanzania, juu kule ukingoni mwa Bonde la Ufa, kwenye mashamba ya ngano. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kilomita 100 ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka Mbulumbulu hadi Arusha, mstari ukinyooka, ni kama hizo kilomita 100. Ukipepesa jicho mara moja, ujumbe umekwenda Arusha na kurudi mara nyingi!

Sasa nadhani hujalijua hili: kwa mstari ulionyooka, Mbulumbulu iko karibu na Nairobi kuliko Dar es Salaam. Nairobi ni kama kilomita 245, Dar ni kama 550! IBM huweka kikomo cha kawaida cha kilomita 300 kwa nakala ya papo kwa papo, kwa sababu kila andiko husubiri jibu kutoka upande wa pili. Dar hadi Zanzibar ingewezekana bila shida. Dar hadi Dodoma, kama kilomita 400, imeshapita. Hapo ndipo XRC inapotamba, maana yenyewe haisubiri jibu.

Je, wajua kwamba System/360, bibi wa meinfremu zote za IBM za leo, ilitangazwa 7 Aprili 1964? Siku 19 baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaungana! Kijiji cha Upper Kitete, hapohapo Mbulumbulu, kilikuwa na miaka kama 2. Programu zilizoandikwa kwa mashine ile, nyingi zinaweza kuendeshwa hadi leo.

Mwaka uliofuata, 1965, Wizara ya Fedha ya Tanzania ikapata kompyuta yake. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini!

Unakumbuka 12 Mei 2024, intaneti ilipozorota Tanzania na Kenya? Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja. Kunakili kokote kunakotegemea njia moja husimama kwenyewe siku kama hiyo, na alama zinaanza kujazwa.

Na hadi 2015, M-Pesa ya Kenya ilikuwa na mitambo yake Ujerumani. Ulimtumia jirani yako wa Nairobi, hesabu ikaenda kama kilomita 6,000 na kurudi!

Je, wajua XRC inajuaje andiko lipi lilitangulia? Kila andiko hugongwa muhuri wa saa ya meinfremu, inayohesabu tangu 1 Januari 1900, Wajerumani wakiwa ndio watawala wa Tanzania Bara ya leo. Saa hiyo ya biti 64 itajaa 18 Septemba 2042, saa 8 na dakika 53 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Usihofu, tangu 2017 meinfremu mpya zimeongezewa nafasi. Wewe utakuwa na miaka mingapi usiku huo?