Mzinga Usiong'aa

Mtutu wa mzinga wangu wa mfano una sentimita 12 tu. Nimeuweka mezani katika hoteli moja ya nyama choma hapa Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, na kila anayepita anauinamia. Mzinga wenyewe, wa chuma, uko Mombasa kwenye Fort Jesus, na mtutu wake una mita 4.2. Gawanya kwa 35, ndicho kipimo changu. Tundu la milimita 105 linabaki milimita 3, na askari wa sentimita 175 anakuwa na sentimita 5.

Je, wajua kwamba mzinga huo haukuundwa kwa vita vya nchi kavu? Ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa na mizinga 10 ya aina hiyo. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaimalizia humo Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga, wakaitia magurudumu, na wapagazi wa Kiafrika wakaikokota porini nyuma ya jeshi la kamanda wao, Lettow-Vorbeck. Kwa hiyo fundi wa mfano huu sharti aamue mapema: mzinga wa melini au wa porini? Mimi nilichagua wa porini. Napenda matope.

Mtutu ni antena ya redio mbovu. Vipande vyake vinavyoingiana hupungua unene kimoja baada ya kingine, kama mzinga unavyopungua kuelekea mdomoni. Magurudumu nilikata kwenye kadi za plastiki, nikazigandisha tatu tatu na kuzipiga msasa. Vichwa vya ribiti ni matone ya gundi yaliyotiwa kwa ncha ya sindano. Tone likizidi kidogo, gurudumu zima linaonekana lina ndui.

Nilikuja kuharibu kwenye rangi. Nilipaka glosi ya kijivu iliyobaki baada ya kupaka geti, na mzinga ukageuka filimbi ya mtoto. Kila kitu unaweza kukigawanya kwa 35 isipokuwa mwanga. Chuma kilichochakaa na kujaa vumbi hutawanya mwanga. Glosi huurudisha kama kioo, na jicho likiona taa ya dukani imechorwa juu ya mtutu, halidanganyiki tena. Ilinibidi kuikwangua yote.

Dawa ya mng'ao inachimbwa karibu hapa. Teremka kuelekea Ziwa Elementaita, upande wa Kariandusi, utaona kuta nyeupe za mgodi wa diatomaiti. Weupe ule ni maganda ya diatomu, viumbe wa seli moja walioishi katika ziwa la kale na kujijengea nyumba za silika. Unga wake ni mojawapo ya vitu ambavyo viwanda hutia kwenye rangi ya mati, isiyong'aa. Rangi ikikauka, chembe hubaki zimechomoza, vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho, na mwanga ukiyapiga husambaa kila upande. (Unga huo usiuchezee bila barakoa, mapafu hayaupendi.)

Jirani na mgodi ndipo mwanaakiolojia Louis Leakey alipokuta mashoka ya mkono ya watu wa kale, mengine ya obsidiani, kioo cheusi cha volkano kinachong'aa kama jicho la mbuzi. Hapo ndipo mimi huduwaa, maana obsidiani nayo kwa sehemu kubwa ni silika. Kitu kilekile, bonde lilelile: kimoja laini, kingine kimejaa vishimo.

Basi nikapaka mati mara mbili. Kingo nikazisugua kwa penseli, chuma kionekane kimechubuka. Matope ni udongo wa Kikopey uliochungwa kwa kitambaa na kukorogwa na gundi nyeupe. Watu wa Rufiji wanisamehe.

Jana mchomaji aliacha mbavu kwenye jiko akaja kutazama.

"Fundi, hii inapiga kweli?"

Akaushika mtutu kabla sijajibu. Alipouachia, palipopita dole gumba lake palikuwa panang'aa. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yamejaza mabonde yote.