Kulanti Mbili za Prius

Chini ya boneti ya Toyota Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, kuna vitangi viwili vya plastiki vyenye kulanti, yaani maji ya kupozea, ya rangi ya waridi. Kimoja ni cha injini. Cha pili, kidogo zaidi, ni cha inveta, na ndicho kinachosahaulika gereji. Mizunguko hiyo miwili haichanganyi maji: kila mmoja una pampu na mipira yake. Wa injini hubeba takriban lita 7, wa inveta lita 2 hivi.

Inveta ndiyo inayogeuza umeme wa betri kubwa uweze kuzungusha mota, na inayorudisha kwenye betri umeme unaozalishwa dereva anapokanyaga breki. Kazi hiyo ina joto, na mota zilizomo ndani ya giaboksi nazo hupata moto, hivyo kulanti hiyo hiyo huzipitia zote. Betri iko nje ya mpango huu. Hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni nyuma ya gari.

Kulanti ya Toyota ya waridi huuzwa ikiwa tayari imechanganywa na maji. Kwa ratiba ya Toyota ya soko la Marekani, ya injini hubadilishwa mara ya kwanza baada ya kilomita 160,000 na ya inveta baada ya 240,000, kisha zote kila kilomita 80,000. Gari lililotumika Japani kisha likafika Dar es Salaam au Mombasa bila kumbukumbu za matengenezo ni afadhali libadilishiwe zote mbili mara moja. Pwani hakuna barafu, na hapo ndipo wengi huona maji ya bomba yanatosha. Hayatoshi: kulanti huzuia kutu, hupandisha kiwango cha kuchemka na kulinda pampu, ilhali chumvi za maji ya bomba huganda ndani ya rejeta.

Kazi huanza gari likiwa limepoa na kuzimwa kabisa, ufunguo ukiwa mbali. Haibridi kama hii iliyowashwa hukaa kimya, na injini yake inaweza kujiwasha fundi akiwa ameingiza mkono. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme mkubwa, haziguswi.

Kumwaga ni rahisi. Kutoa upepo ndiko kunakotaka subira. Kulanti mpya ikishajazwa, gari likiwashwa na pampu ikizunguka, maji ndani ya kitangi cha inveta huonekana yakitibuka. Mapovu hupanda, usawa hushuka, fundi huongeza kidogo kidogo mpaka mapovu yakome. Maji yakitulia tuli wakati pampu inapaswa kufanya kazi, ama upepo umenaswa ama pampu imekufa. Hili si jambo geni: mwaka 2012 Toyota iliita magari mengi duniani kwa ukaguzi, na pampu ya maji ya inveta kwenye Prius za kizazi cha pili ilikuwa miongoni mwa sababu. Ikifa, pembetatu nyekundu huwaka na gari hupoteza nguvu, hasa mlimani.

Pampu ya injini nayo ni ya umeme, kwa kuwa injini hii haina mkanda wowote wa kuizungusha. Haipigi kelele ya mkanda kabla ya kufa, kwa hiyo dalili ya kwanza huenda ikawa gari kuchemsha. Anayeibadilisha hufanya vyema kubadilisha themostati pamoja, maana kulanti imeshamwagwa. Themostati ina kivalvu kidogo kinachocheza. Kinakaa upande wa juu, hewa ipate pa kutokea.

Kulanti ikipungua kila wiki bila kuvuja popote, na injini ikitetemeka inapowashwa asubuhi, pampu mpya haitasaidia. Huenda gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha maji kwenye silinda, tatizo linalojulikana sana kwa kizazi hiki. Hapo ni kupima presha ya mfumo.

Kulanti ya zamani humwagwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Ina utamu unaovutia mbwa na watoto, nayo ni sumu ya kuua. Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, gari likiwa limepoa, usawa wa vitangi vyote viwili huangaliwa tena na kuongezwa hadi kwenye mstari wa juu.