Kabla ya Kisu, Wazee Huketi

Katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa, ni nadra mgonjwa kuja peke yake. Akilazwa mzee mwenye usaha kifuani, huja naye wanawe, ndugu wa baba, wajomba na watu wa ukoo, na habari huwa zimeshafika Wajir na Dadaab kwa simu kabla daktari hajaisoma picha ya eksirei. Kisheria, mtu mzima mwenye akili timamu hujitilia sahihi mwenyewe fomu ya kukubali upasuaji. Kwa desturi ya Wasomali wa Kaskazini Mashariki, sahihi hiyo huja mwisho, wazee wakishaketi, wakashauriana na kumsomea mgonjwa dua. Daktari kijana aliyepangiwa huko mwaka wake wa mafunzo kazini hujifunza upesi kumtambua mwenye kauli katika kundi lile, kumwita "adeer" kama angemwita baba yake mdogo, na kumjulia hali kabla ya kutaja kisu.

Anayetamani kuwa mpasuaji wa moyo na kifua huanza na kazi isiyo na sifa kubwa: kuweka mpira wa kifuani. Huenda mgonjwa amepigwa risasi, au kifua kikuu kimejaza usaha kati ya pafu na ukuta wa kifua. Daktari hupapasa mbavu chini ya kwapa hadi nafasi ya tano, akapenya juu kidogo ya ubavu wa chini, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu hupita kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Upande wa pili wa mpira huzamishwa kwenye chupa ya maji. Maji yakipanda na kushuka mgonjwa anapovuta pumzi, mpira umekaa mahali pake.

Juu ya kifua hichohicho mara nyingi huonekana makovu madogo ya mviringo. Ni alama za moto: mganga wa jadi alichoma ngozi ili kutuliza maumivu au kikohozi. Kuna madaktari wanaoyatazama kwa dharau, na hapo wanapoteza habari muhimu. Ukiuliza kovu lilichomwa msimu gani wa mvua, familia itakueleza ugonjwa ulianza lini, tena kwa uhakika kuliko kadi ya kliniki.

Garissa huokoa maisha, kisha kesi nzito husafirishwa. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 kuuawa, majeruhi walipokelewa kwanza katika hospitali hiyo ya mjini, na waliokuwa na hali mbaya wakapelekwa Nairobi kwa ndege. Kwa barabara ni kilomita zipatazo 370. Anayetaka kusomea moyo na kifua naye huvuka Tana kuelekea huko, Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, au huenda Tenwek huko Bomet.

Huko hukuta jamii nyingine yenye mila zake. Wa chini hufika wodini kabla ya wote, akiwa na majibu ya maabara kichwani. Katika chumba cha upasuaji hupewa kwanza kufungua na kufunga mfupa wa kifua, kuushona kwa waya za chuma. Baadaye huunganisha mirija ya mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Kuigusa vali ya moyo yenyewe kunasubiri miaka. Ukali huo wa ngazi una maana yake, kwani moyo uliosimamishwa haumpi mtu nafasi ya kubahatisha.

Vali ndiyo inayomrudisha daktari huyo kwa wagonjwa wa Kaskazini Mashariki. Maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni huweza kuleta homa ya rumatiki, na homa hiyo huharibu vali za moyo. Vali ya chuma hudumu, lakini humfunga mgonjwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vipimo vya damu vya mara kwa mara, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba changa. Vali ya mnyama haihitaji hayo maisha yote, ila kwa kijana huchakaa mapema. Msichana wa jamii ya wafugaji anayetarajia kuolewa na kuzaa atawekewa ipi? Na wazee watauliza, kwa haki kabisa, kama imetoka kwa nguruwe au kwa ng'ombe, kwa maana zipo za aina zote mbili.

Hospitali ikiamua, inaweza kuyafuata maisha ya watu. Mwaka 1976, Mwitaliano Annalena Tonelli, mwanasheria kwa masomo, alisimamia mjini Wajir mradi wa majaribio wa kutibu kifua kikuu kwa wafugaji wa kuhamahama. Aliwakaribisha wajenge vibanda vyao karibu na kituo chake, wameze dawa mbele ya mhudumu kwa miezi sita, kisha warudi kwa ngamia wao. Miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani lilieneza duniani utaratibu wa kumeza dawa chini ya uangalizi.

Wapasuaji wa moyo wanaofunzwa leo wapangiwe nao miezi kadhaa Garissa na Wajir, wakae kliniki na waliobadilishiwa vali, waone damu inapimwa wapi msimu wa kiangazi, mifugo ikiwa imehamia mbali.