Reli Ilifika Thika 1913, Mbona Bado Tunaamka Saa Kumi?

Kengele ya simu yangu ilikuwa inalia saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Naishi Makongeni, Thika, na chuo changu kilikuwa tao. Darasa la kwanza, saa mbili kamili. Kwa barabara ni kilomita 45 hivi, na barabara yenyewe ni pana kama uwanja, kwa hivyo mgeni atakwambia hiyo ni safari ya dakika arobaini. Mwambie aje apande mathree Jumatatu ya mvua.

Siku iliyonimaliza nilikuwa na CAT. Nilitoka kejani gizani. Kufika Githurai kukawa kumekucha, na kutoka hapo hadi Pangani tukatambaa mpaka dere akazima injini. Konda alikuwa amepandisha nauli kutoka soo hadi soo na finje kwa sababu mawingu yameonekana. Mvua yenyewe haikuwa imeanza. Niliingia darasani karatasi zikikusanywa.

Sitadanganya kwamba jam ndiyo iliyonitoa chuo. Karo ilikuwa na stori yake. Lakini piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi siku tano, ni zaidi ya ngiri moja kwa wiki, na hujala. Sasa dada yangu mdogo amepata nafasi chuoni, tao vilevile. Ndiyo maana siku hizi stori za reli zinanihusu.

Wasee wengi hawajui kwamba Thika ilipata reli kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa. Ilifika hapa 1913, kazi yake kubwa ikiwa kubeba mazao ya mashamba ya walowezi. Baadaye ikasukumwa hadi Nanyuki. Njia hiyo bado ipo, na ile ile ndiyo inayopita Makadara, Dandora, Githurai, Kahawa na Ruiru. Hakuna haja ya kuota reli mpya ya angani kama ya Addis Ababa. Vyuma viko chini hapo, vingine vimefunikwa na sukuma wiki.

Simaanishi utani. Githurai, soko limekaa juu ya reli. Nyanya ziko kati ya mataruma, na treni ikipiga honi mama anavuta gunia, treni inapita, anarudisha gunia. Ukiniuliza, hiyo ndiyo picha kamili ya mipango yetu ya usafiri.

Novemba 2012 ilikuwa na kisa chake. Mwezi huo Rais Mwai Kibaki alifungua Thika Superhighway, na mwezi huo huo akafungua stesheni mpya ya Syokimau. Wenzetu wa Mombasa Road wakapewa treni, sisi tukapewa leni. Tulifurahi sana, tusijifanye. Kwa muda mfupi ungetoka Thika hadi tao kabla wimbo wa pili haujaisha. Halafu kila mwenye ploti kando ya barabara akajenga ghorofa. Kimbo, Kihunguro, Membley, Juja, zote zikafurika bedsita. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282 Kaunti ya Kiambu. Ya 2019 ikakuta 2,417,735. Karibu laki nane wameongezeka, na wengi wetu tunataka kuingia Nairobi saa moja hiyo hiyo, tukipita Pangani ile ile.

Barabara ikipanuliwa, magari huja kuijaza. Treni ina hesabu tofauti: behewa moja linameza mathree kadhaa, na haligombanii leni na probox.

Dar es Salaam walijaribu mwaka huo huo wa 2012. Walichukua reli zao za zamani na mabehewa waliyokuwa nayo, wakaanza kubeba watu asubuhi na jioni. Wananchi wakaibatiza Treni ya Mwakyembe, jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Haikuwa ya kifahari, lakini ilitembea.

Nasi tulipata yetu. Mwaka wa 2020 Shirika la Reli lilileta treni zilizotumika kutoka Uhispania, na laini ya Ruiru ikaanza kuchangamka tena. Nimeipanda. Unatulia, hakuna anayekupigia muziki masikioni, na mvua haibadilishi nauli. Shida ni kwamba njia ni moja tu. Treni inayokwenda ikikutana na inayorudi, lazima moja isubiri stesheni ipishe. Ndiyo maana safari ni chache, za asubuhi na za jioni, na ukikosa yako umerudi kwa konda. Bila kujenga sehemu zaidi za kupishana au kuweka njia ya pili, hata ukileta treni mia zitabaki kuangaliana.

Hapo ndipo watu huanza kumrukia gavana. Tuwe wakweli, Katiba ya 2010 iliiweka reli mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti ilipewa barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Mwaka wa 2017 ikaundwa NaMATA ili kuunganisha mipango ya Nairobi na majirani wake, Kiambu ikiwemo. Tangu hapo ninachokumbuka zaidi ni ile mistari myekundu ya BRT iliyochorwa Thika Road 2018. Matatu ziliikanyaga mpaka ikafutika.

Lakini kaunti haina kisingizio. Treni haifiki mlangoni kwako. Mtu wa Kimbo akishuka stesheni ya Ruiru saa moja usiku, anahitaji njia isiyo na matope, taa inayowaka, na steji ya matatu au boda palepale. Hiyo ni kazi ya kaunti, haihitaji ruhusa ya mtu. Hata wale mama wa Githurai, kuwafukuza si mpango. Wapewe soko karibu na stesheni, abiria watawafuata wenyewe, kwani nani hununui nyanya akirudi nyumbani?

Na kama tunaulizwa maoni, tuulizwe tukiwepo. Kaunti inatakiwa kuusikiliza umma inapoandaa mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano. Kikao kikiwekwa Jumanne saa nne asubuhi, sisi tunaopanda gari kila siku tuko Nairobi, au tumekwama Roysambu tukielekea huko. Kiwekwe Jumamosi. Au kiwekwe ndani ya treni, mimi nitakuja.

Juzi dada yangu aliniuliza kama anaweza kutumia treni. Tukakaa na simu, tukapiga hesabu. Treni yake ingeanzia Ruiru, kwa hivyo kwanza apande matatu kutoka Makongeni, alipe, ashuke, atembee hadi stesheni, alipe tena. Asichelewe hata dakika tano, maana hiyo ndiyo imeenda. Ili kuiwahi, ilibidi aamke saa kumi na dakika kumi.

Amepata hosteli ya vitanda sita Ngara. Mama anauza mbuzi wawili.