FAHAMU NAMNA MIFUMO INAVYOLINDA TAARIFA ZA MALIPO MTANDAO UNAPOKATIKA

Mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Manispaa ya Kigoma Ujiji, anaweza kulipa ushuru kwa simu, akaona salio limepungua, kisha mtandao ukakatika kabla hajapata uthibitisho. Je, malipo yamefika, au alipe tena?

Swali hilo linawagusa wananchi wengi tangu Serikali ilipoanza kutumia Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali, GePG, mwaka 2017. Mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, maarufu kama ‘kontro namba’, na kulipa benki au kwa simu. Taarifa ya malipo hutoka kwa benki au kampuni ya simu kwenda GePG, na kutoka hapo kwenda taasisi inayodai. Mawasiliano yanaweza kukatika katika hatua yoyote kati ya hizo.

Ili kuelewa ugumu uliopo, ichukuliwe barua inayotumwa kwa boti kutoka Kibirizi kwenda kijiji cha Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi. Boti inayofuata ikirejea bila stakabadhi, mtumaji hawezi kujua kama barua ilipotea njiani, au ilifika na kilichopotea ni stakabadhi. Akinyamaza, huenda barua haikufika. Akituma nyingine, huenda mpokeaji akatekeleza agizo lile lile mara mbili.

Wataalamu wa mifumo hutatua jambo hilo kwa kanuni tatu. Kwanza, ujumbe huhifadhiwa kabla ya kutumwa, wala haufutwi hadi mpokeaji athibitishe kuupata. Pili, usipothibitishwa hutumwa tena ukiwa na namba ile ile ya utambulisho. Tatu, mpokeaji hukagua namba hiyo. Akikuta ameshaishughulikia, hutuma uthibitisho tu bila kurudia kazi.

Katika lugha ya Java, inayotumika sana kuandika mifumo ya benki na taasisi, kanuni hizo zimo katika utaratibu wa JMS uliotolewa mwaka 1998. Seva ya kati huweza kuhifadhi ujumbe kwenye diski hadi uthibitishwe, na ujumbe unaoletwa upya huwekewa alama ya kumtahadharisha mpokeaji kuwa huenda ameshaupata.

Aidha, mawasiliano yanaweza kukatika bila upande wowote kuarifiwa. Kwa sababu hiyo, programu hutuma ishara fupi kila baada ya muda maalumu. Ishara zisipojibiwa, huhesabu kuwa mawasiliano yamekatika na kuanza kuunganisha upya. Majaribio hayo huachiwa nafasi inayoongezeka, mathalani sekunde 1, 2, 4 na 8, ili mtandao unaporejea seva isielemewe na maombi ya wote kwa wakati mmoja.

GePG nayo hufanya kazi kwa uthibitisho wa kila hatua. Taasisi inapotuma ankara, mfumo hujibu kuwa umeipokea, kisha hutuma namba ya malipo, na taasisi huthibitisha kuipata. Taarifa za malipo hufuata mwendo huo huo. Vilevile, kumbukumbu za pande zote hulinganishwa baadaye ili kubaini muamala ambao taarifa yake haikufika.

Hata hivyo, ulinzi huo una mpaka wake. Mfumo hutambua marudio kwa kutazama namba. Mwananchi anayeomba namba mpya baada ya mtandao kukatika huwa amefungua ankara mpya, na akiilipa, mfumo utayahesabu kuwa ni malipo mengine halali.

Hivyo, mwananchi ambaye hajapata uthibitisho anashauriwa kutolipa tena kwa haraka, kutunza ujumbe wa muamala uliotoka benki au kampuni ya simu, na kuulizia malipo yake kwa taasisi husika akitumia namba ile ile ya awali.