Nani Amempaka Kamba Rangi?

Njoo, mpwa wangu, vuta kigoda ukae hapo. Kikaango usikiguse. Leo mjomba anapika kamba wa kitunguu saumu na pilipili, tuwatafunetafune wakati wali ungali jikoni.

“Mjomba, mbona hawa kamba wana rangi ya matope?”

Swali hilo! Mtoto wa maswali namna hii nampa kamba wa kwanza. Ila jibu lisubiri kidogo, lipo njiani.

Tunao nusu kilo. Nimewamenya, nikawaachia mkia upate pa kuwashikia. Waona uzi mweusi mgongoni? Huo ni utumbo. Chana kidogo kwa ncha ya kisu, uvute, basi. Sasa waoshe, kisha wakaushe kwa kitambaa. Wakaushe sana! Kamba mwenye maji hakaangiki, huchemka.

Haya, nusa punje hii ya kitunguu saumu. Inanuka?

“Kidogo tu.”

Itwange sasa. Lo! Umerudi nyuma? Ndani ya punje mna vyumba vidogo vidogo mno, kama nyumba ya wapangaji. Huyu ana chumba chake, yule ana chake, na milango imefungwa. Mchi umebomoa kuta. Wapangaji wamekutana uani, na harufu imezaliwa papo hapo. Twanga punje 6, zatosha.

Pilipili nitaikata mimi. Wewe utajisahau ujifikiche macho, kisha mama yako aje kunigombeza mimi. Ukali wa pilipili haupatani na maji, unapatana na mafuta. Ndiyo maana ukiwashwa ulimi, maji hayakusaidii kitu. Kunywa maziwa, hayo husaidia.

Mafuta vijiko 3, moto mdogo. Tia kitunguu saumu na pilipili. Kisiwe cha kahawia, kikiungua kitakuwa kichungu. Kimenukia? Sasa ongeza moto, wapange kamba, kila mmoja na nafasi yake. Chwaaa!

“Mjomba! Wamegeuka wekundu! Nani amewapaka rangi? Pilipili?”

Tumuulize pilipili. Pilipili anasema, “Si mimi. Mimi nimewasha tu.”

Tumuulize kitunguu saumu. “Mimi? Mimi mwenyewe mweupe!”

Basi tumuulize kamba.

“Wekundu huu ni wangu,” anasema kamba. “Nilizaliwa baharini, mdogo kuliko punje ya mchele. Maji yakanichukua hadi kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, nikajificha mizizini, nikala, nikakua. Rangi hii hutengenezwa na vimea vidogo mno vya majini. Mimi siijui kazi hiyo, nimeipata kwenye chakula. Nikaizungushia protini, kama mtu anavyojifunga kaniki juu ya kanga nyekundu, ili samaki wenye njaa wanione rangi ya tope. Moto umeifungua kaniki yangu. Kanga ilikuwemo siku zote.”

“Kama heroe wa Ziwa Natron? Mwalimu alisema uwaridi wao unatoka kwenye chakula.”

Wewe mtoto wewe! Ndiyo, kama heroe. Kifaranga cha heroe huwa cha kijivu, akila akakua, anapata uwaridi.

Lakini tusipige soga sana, kamba hasubiri mtu. Dakika 1 na nusu upande huu, wageuze, dakika 1 na nusu upande wa pili. Tazama umbo. Akijikunja kama mwezi mwandamo, ameiva. Ncha zake mbili zikikutana kama pete, amepitiliza, na utamtafuna kama kandambili. Mimi nimewahi kuwalisha wageni kandambili. Walisifu sana ndimu.

Epua. Kamulia ndimu nusu, nyunyiza na chumvi kidogo. Ndimu huja mwisho, nje ya moto, harufu yake isipotee. Yale mafuta yaliyobaki usiyamwage! Chovya boflo humo, ndipo utamu wote ulipo. Na mgeni muulize kwanza, maana wapo watu ambao kamba huwavimbisha midomo, nao wasionjeshwe hata kidogo.

Haya, wa kwanza ni wako.

“Mjomba, nikila wengi, nami nitakuwa mwekundu?”

Mimi nimewala tangu sijang’oa meno ya utotoni. Niangalie vizuri. Nimekuwa mwekundu?

“Macho, Mjomba. Macho ni mekundu kabisa.”

Hayo ni ya pilipili. Hebu sogeza hayo maziwa.